Mbuzi wa Mjomba Edouard

Mbuzi aliletwa siku ya mahari ya Nathalie, na tangu siku ile hakuna aliyejua la kumfanya. Alikuwa beberu mweusi mwenye doa jeupe juu ya jicho moja, kama mtu aliyenyolewa nyusi vibaya. Wakwe walikuja naye pamoja na vitu vingine vyote: vitenge vya mama, koti la baba mdogo, majembe, chumvi, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Kila kitu kilitajwa, mwenyewe akasimama, akapokea, watu wakapiga makofi. Ilipofika zamu ya mbuzi, mzee msemaji wa wakwe aliinua kamba juu, akatazama huku na huku.

"Na mujomba wa mutoto iko wapi? Aje achukue mbuzi yake."

Watu wote wakamgeukia Koko Emerance, bibi wa bi harusi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono juu ya magoti, kitenge chake kipya kikiwa bado na ugumu wa dukani.

"Iko njiani," akasema.

Nicole, binti yake, ambaye ndiye mama wa Nathalie, akainamisha kichwa. Mzee wa wakwe alikuwa mtu mwenye adabu, hakuuliza njia gani. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya jiko, akarudi kukaa, na chakula kikaletwa.

Kwao mbuzi wa mjomba si kitu cha kuchezea. Haliwi, hauzwi, hapewi jirani, mpaka mwenyewe apatikane. Mjomba, ndugu wa kiume wa mama, anakuja kushika kamba kwa mkono wake mwenyewe, na akiisha kuishika ndipo mpwa wake ameruhusiwa kuondoka nyumbani. Kama mjomba amekufa, familia inasema wazi mbele ya wakwe, "Amekufa," kisha binamu mmoja anasimama mahali pake na mambo yanaendelea. Lakini lazima neno hilo lisemwe. Katika nyumba ile, wa kulisema alikuwa Koko Emerance, maana Edouard ni mtoto wa tumbo lake, na Edouard alikuwa njiani tangu mwaka 2002.

Basi mbuzi akabaki kwa Koko, akingoja.

Parseli ya Koko, yaani kiwanja chake na nyumba zake, iko Kasuku, mjini Kindu, upande wa nyuma ya soko, kwenye mtaa ambao pikipiki zinapita na kuacha vumbi juu ya nguo zilizoanikwa. Mlangoni kuna msafu mkubwa, ule mti unaozaa safu nyeusi za kuivisha kwenye majivu ya moto, na yeyote anayeulizia njia anaambiwa, "Tafuta parseli yenye musafu." Nyuma ya nyumba kubwa kuna vyumba vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja chini ya bati moja refu. Humo wanakaa wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mlango una rangi yake, kwa sababu rangi zilizopakwa zilikuwa mabaki ya watu. Mbele ya kila mlango kuna jiko la makaa, ndoo na kandambili. Asubuhi utasikia redio zinazogombana, mmoja anapiga mswaki, mwingine anakariri masomo kwa sauti, mwingine anaulizia nani amegusa mafuta yake ya mawese. Mvua ikinyesha juu ya bati lile hakuna anayemsikia mwenzake, wote wanatoka mbio na ndoo kukinga maji.

Majirani walizoea kumwambia Koko awafukuze apangishe watu wazima, wenye kazi na utulivu. Koko hakutaka utulivu. Alisema moyoni kwamba nyumba yenye wanafunzi inajulikana toka mbali kwa kelele zake, na mtu aliyeondoka ikiwa na kelele, akirudi akakuta kimya, anaweza kudhani amekosea parseli.

Mbuzi naye aliongeza kelele. Siku ya tatu alikula masomo ya Djo, mwanafunzi wa sheria wa chumba cha kwanza.

"Koko," Djo alikuja kushtaki, akiwa na kipande cha karatasi kilichobaki, "mbuzi ya mujomba amekula sheria ya ardhi. Yote. Sasa yeye njo ataenda kwenye mutihani, mimi nitabaki hapa kula majani."

"Uliiweka wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo. Ililowana, nikaianika."

"Kwenye kamba ya nguo, karibu na mudomo wa mbuzi. Na wewe njo utakuwa avoka wa kututetea."

Wenzake wakacheka milangoni mwao. Djo mwenyewe akacheka, akamtazama mbuzi usoni. "Maître," akamwambia, "tutaonana mahakamani." Tangu hapo mbuzi akaitwa Maître, kama wanavyoitwa mawakili.

Chumba cha nne kina mlango wa kijani. Mwaka huu alikuwa anakaa humo Bénie, msichana kutoka Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, mpole, mwenye kupenda kukunja nguo zake mara mbili kabla ya kuziweka. Siku alipofika, Koko alisimama naye kizingitini kama alivyosimama na wote waliomtangulia.

"Hii chumba iko na mwenyewe," alimwambia. "Jina yake Edouard. Akifika, ata kama ni usiku, ata kama mvua inanyesha, utamupisha. Utakuja kulala kwangu mupaka tupate fasi ingine. Unakubali?"

"Nakubali, Koko."

"Na hii mapicha ya ukuta, usiifute."

Ukutani, juu ya kitanda, kulikuwa na chura aliyechorwa kwa makaa, tumbo lake limefunguliwa, moyo na mapafu na matumbo vyote mahali pake. Edouard alikuwa mwanafunzi wa biolojia. Koko alipopaka chokaa chumba kile alizunguka chura kwa brashi ndogo, kwa uangalifu, na kila akipaka tena chura anakuwa ndani ya fremu inayozidi kunenepa.

Wanafunzi walikuwa wanataniana juu ya chumba hicho. Anayekaa humo aliitwa "mlinzi wa mahali". Lakini mbele ya Koko hakuna aliyetania.

Vita ilipofika na mji ukafungwa pande zote, Edouard alikuwa mwaka wa pili wa masomo. Wenzake wa Kibombo, wa Pangi, wa Kabambare hawakuweza kurudi kwao, maana treni ilikuwa imesimama na njia zilikuwa na bunduki. Akawaleta nyumbani mmoja mmoja, mpaka chumba kile kimoja kikalala watu saba, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule. Ndivyo nyumba ilivyoanza kuwa ya wanafunzi, hakuna aliyekaa chini akapanga. Walikula matembele asubuhi na matembele jioni, bila chumvi. Koko aliyachemsha, akayaponda, akayatandaza kwenye sahani ili yaonekane mengi. Mmoja wa wale vijana alipoanza kuvimba miguu kwa njaa, Edouard alitoa baiskeli ya baba yake, akafunga fimbo kwenye usukani ya kuisukumia, akasema atavuka mto aende upande wa Kailo kutafuta mihogo.

Baba yake, Mzee Florentin, alimwambia, "Usiende."

"Papa, nitarudi mbele ya matembele kuota tena."

Alivuka na mtumbwi, baiskeli imelazwa mbele yake kama mgonjwa. Koko alimsindikiza mpaka ukingoni. Mtoto alivaa shati la buluu lenye mfuko mmoja. Mfuko wa pili Koko mwenyewe alikuwa ameufumua apate kiraka cha kuziba goti la suruali yake, na alasiri ile kitu kilichomuuma kilikuwa hicho, kwamba mtoto anatembea kati ya watu na shati lenye alama ya mfuko usiokuwapo.

Hakurudi. Mwaka uliofuata Mzee Florentin akafa kwa kifua. Walimzika ndani ya parseli, nyuma ya vyumba, kwa sababu watu walikuwa bado wanaogopa njia ya makaburini. Matanga yalijaa watu wasiojuana, kama matanga yote ya wakati ule, kwa kuwa mahali palipo na moto na watu wengi palikuwa na usalama kidogo. Koko alilia siku zile zote akiita jina moja tu, na halikuwa jina la mumewe.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya redio za wanafunzi kuanza, Koko anashika ufagio wa makuti ya mchikichi, anafagia kaburi la Florentin. Limezungushiwa matofali, udongo wake umekuwa mgumu na safi kama sakafu. Anaanza upande wa miguu, anasimama pale pale kila siku, na anasema naye.

"Florentin, Edouard iko kwenu kule? Kama iko, unitumie ndoto. Wewe ulikuwa muvivu hapa, lakini kule hauna kazi. Tazama vizuri katikati ya watu."

Florentin hakumtumia ndoto. Miaka yote ile alimwota mara chache, na kila mara alikuwa peke yake, anatafuta viatu. Basi Koko akahesabu hivi: kama baba hamwoni mtoto kule, mtoto bado yuko huku. Alilishika neno hilo kama watu wengine wanavyoshika karatasi yenye muhuri.

Nicole alikuja siku moja alasiri, jua likiwa kali, hakukaa wala hakunywa maji.

"Mama, Nathalie analia kule nyumbani. Wakwe wanasema tunawazungusha. Watarudi Jumapili. Useme neno moja tu."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Koko alikuwa anachambua pondu, majani ya mihogo, akiondoa vijiti. Aliendelea kuondoa.

"Nikimulilia na yeye iko muzima," akasema, "nitakuwa nimemusukuma ndani ya shimo na mikono yangu. Mimi nilimuzaa, Nicole. Sitamusukuma."

"Na kama angekuwa hapa? Edouard, mwenye kulaza watu saba kwenye chumba moja? Angekubali mupwa wake akae nyumbani mupaka nywele igeuke mvi, ju ya mbuzi?"

Koko akavunja kijiti cha pondu. Neno lile lilimwingia, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alimwona Edouard akicheka, akisema, mwacheni mtoto aende zake.

"Uniachie mupaka Jumapili," alisema mwishowe. "Jumapili nitasimama mbele yao."

"Utasema?"

"Nitasimama."

Usiku huo na mchana uliofuata alizunguka na neno hilo moja. Alilijaribu mdomoni akiwa peke yake jikoni, likakataa kutoka. Kwenye kaburi alimwambia Florentin, "Sasa unisaidie, ju wamenifunga kamba mimi pamoja na mbuzi." Florentin akanyamaza kama kawaida yake.

Siku ya Ijumaa baba yake Bénie akafika.

Alikuwa hajawahi kuja. Mwanzo wa mwaka Bénie aliletwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Kama, ndiye aliyemtafutia chumba. Sasa baba mwenyewe alikuwa amepata nafasi ya kuacha mashimo ya dhahabu kwa siku chache, akaja na gunia la mchele, samaki wakavu na chupa ya asali, zawadi ya mwenye nyumba. Jina lake Désiré. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mchimbaji, kofia ya kitambaa imebonyea kichwani.

Alifika hadi chini ya msafu, akasimama. Bénie alikuwa ameshika upande mmoja wa gunia.

"Papa, tuingie. Inalemea."

Alikuwa anautazama mti. Akautazama chini hadi juu, akaitazama nyumba. Kisha aliachia gunia, akapita katikati ya ua bila kusalimia mtu, akampita mbuzi, akazunguka vyumba. Koko, aliyekuwa anapepeta mchele, alinyoosha shingo kumfuata. Alimwona mgeni amevua kofia, amechuchumaa mbele ya kaburi, ameweka kiganja chake juu ya udongo.

Koko alipendezwa. Wazazi wengi wa wanafunzi huingia wakiulizia maji na choo. Huyu alianza kwa kumsalimia mzee wa nyumba. Akaweka ungo chini, akamwendea.

"Karibu, baba Bénie."

"Asante, mama." Aliinuka, macho yake yamelowa. "Mumemutunza vizuri. Kweli. Sikuzania nitaikuta kaburi safi hivi."

"Nafagiaka kila asubuhi."

"Edouard angefurahi."

Koko alisikia, lakini kwanza masikio yake yaliliacha lipite. Alidhani Bénie alikuwa amemsimulia baba yake habari za chumba.

"Angefurahi kuona kaburi ya baba yake," akasema. "Ndiyo."

Mgeni akamtazama. Kisha akatazama kaburi. Kofia ilikuwa inazunguka polepole mikononi mwake, na ikasimama.

"Baba yake?"

"Hii ni kaburi ya bwana yangu. Florentin."

Kulikuwa na redio moja inaimba chumba cha pili. Djo, aliyekuwa anafua karibu, alisema baadaye kwamba aliona mtu yule akibadilika rangi kama mtu aliyekanyaga nyoka, akatazama nyuma yake kama anatafuta njia. Lakini hakukimbia. Alimwomba Koko akae.

"Sikai," alisema Koko. "Useme nikiwa nimesimama."

Akasema. Alisema taratibu, akirudi nyuma kila akiona ameruka kitu, na Koko alimwachia muda wote alioutaka.

Wakati wa vita Désiré alikuwa kijana, alikuwa anasukuma baiskeli yenye mawese kati ya Kama na Kailo. Njiani alikutana na mwanafunzi wa Kindu mwenye kusukuma mihogo. Njia ya kurudi mtoni ilikuwa imefungwa, wakakaa pamoja porini na watu wengine, wakingoja. Homa ikamshika yule mwanafunzi. Hapakuwa na dawa, walimpa maji ya majani. Akaanza kusema maneno ya masomo, mifupa ya ndege, moyo wa chura una vyumba vitatu, akiwasahihisha wale waliokaa karibu naye kama wamejibu vibaya.

"Mbele ya kuisha, akili ikarudi," Désiré alisema. "Akaniambia, ukifika Kindu, Kasuku, nyuma ya soko, utafute parseli yenye musafu mukubwa. Uambie mama mihogo iko, ni njia tu njo haiko."

Koko alisema, "Alivaa nini?"

"Shati ya buluu. Ilikuwa na mufuko moja."

Ndipo Koko akakaa. Alikaa chini, juu ya udongo wenyewe, na Bénie akaja akamkalisha vizuri, akamfunika miguu kwa kitenge.

"Tulimuzika kule," Désiré aliendelea, "na tulifanya vile inafanyikaka. Nikakata nywele yake na makucha yake. Nikachana ule mufuko wa shati, nikavifunga mule, ju familia ipate kitu ya kuzika. Nikatembea nayo karibu mwaka muzima, mama. Njia ilipofunguka kidogo, nikafika hapa. Nikaona musafu. Nikakuta matanga."

Koko akafumba macho.

"Kaburi ilikuwa mupya, udongo ungali unalowana. Mama mumoja alikuwa chini, wamemushika mikono, analia: Edouard, umeniacha na nani. Edouard, umeniacha na nani. Nikajua, basi, mwengine amekwisha kuwafikia na habari. Niliwaza wamezika mugomba wa ndizi pa fasi ya muntu, vile wengine wanafanyaka kama mwili haiko. Muntu haulizake kwenye matanga nani amekufa. Nikakaa na wanaume, wakanipa chai, hakuna mwenye aliniuliza ninatoka wapi. Alfajiri watu wangali wanasinzia, nikachimba kidogo kwenye kaburi, nikaiweka ile mufuko ndani, nikaenda zangu. Miaka yote hii nilijua nimemufikisha kwa mama yake."

"Nilikuwa namwita," Koko alisema. "Nilikuwa namwita aje azike baba yake."

"Sikujua, mama."

"Hapana. Ungejua namna gani."

Hakulia. Wanafunzi walikuwa wametoka milangoni, mmoja mmoja, redio imezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu vita parseli ile ilikuwa kimya. Mbuzi peke yake alikuwa anatafuna. Koko aliweka mkono juu ya udongo, mahali mgeni alipokuwa ameuweka.

"Uliiweka upande gani?" akauliza. "Kichwa, ao miguu?"

"Miguu, mama."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

"Njo pale nasimamaka," Koko alisema. "Nikifagia, njo pale nasimamaka." Alilitazama lile doa ambalo nyayo zake zilikuwa zimeling'arisha. "Namukanyaga, namuuliza baba yake, mutoto iko wapi."

Hapo kilio kikatoka. Hakikuwa kilio kikubwa cha matanga, cha kuitia majirani. Kilitoka kidogo kidogo, chembamba, kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. Bénie alimshika. Désiré alikaa chini, kofia usoni, akalia naye.

Jumapili wakwe walipofika walikuta turubai limefungwa kutoka msafu hadi bati, mikeka imetandikwa, na wanawake wamefunga vichwa. Djo na wenzake walikuwa wamevuta waya na kutundika taa, wamekusanya viti vya mtaa mzima, wameandika kwa chaki mgongoni mwa kila kiti jina la mwenyewe ili visipotee. Koko alikuwa kwenye mkeka, nywele amezinyoa. Mzee msemaji wa wakwe alielewa kabla hajaambiwa, akavua viatu.

Koko aliinuka. Nicole alitaka kumshika mkono, akakataa.

"Mujomba wa mutoto, Edouard, mutoto yangu," akasema. "Amekufa."

Lilikuwa neno dogo. Alilisema mara moja, wote wakasikia, akarudi kukaa.

Binamu mmoja wa Edouard aliitwa ashike kamba. Aliishika, akasimama na mbuzi katikati ya watu, hajui aende naye wapi, kwani tangu hapo alikuwa wake. Alimtazama Koko.

"Mbuzi ni ya Edouard," Koko alisema. "Wageni wa Edouard njo watamukula."

Na wageni wa Edouard walikuja. Hakuna aliyejua habari ilivyotembea haraka namna ile. Mwalimu mmoja alikuja kwa pikipiki toka Kailo. Alikuja muuguzi, akaja karani wa ofisi moja ya Kasuku na tai yake, akaja mwanamke mwenye watoto mapacha mgongoni na kifuani. Kila mmoja aliinama mbele ya mkeka akasema jambo lile lile kwa namna yake: mimi nililala kwenye kitanda chake, mimi nilikaa chumba cha kijani, mama, ulinikubalisha mlangoni, mimi nilikuwa mlinzi wa mahali pake. Mwanaume mmoja wa makamo, mwenye fimbo, alikaa karibu na mkeka. Kisha akavuta suruali yake kidogo, akamwonyesha Koko kifundo cha mguu.

"Hii njo ile miguu ilikuwa inavimba," akasema. "Alienda kutafutia hii."

Koko alimshika ule mguu kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayepima kama bado una joto.

Djo hakula nyama. Alisema Maître alikuwa mwenzake wa darasa.

Siku matanga yalipoisha, turubai likakunjwa na viti vikarudi kwa wenyewe. Nathalie alikuja kuaga bibi yake, maana sasa njia yake ilikuwa wazi. Walishikana muda mrefu. Désiré alirudi Kama na udongo kidogo wa ua ule ndani ya mfuko, aende aumwage kule porini, kama bado atapatambua mahali.

Asubuhi iliyofuata Koko alichukua ufagio kama kawaida. Alifika kaburini, akasimama. Hakujua aweke miguu wapi. Alijaribu upande wa kulia, akarudi nyuma. Alijaribu kunyoosha mkono kutoka mbali, ufagio haukufika. Majani machache ya msafu yalikuwa yameanguka pale upande wa miguu, na Koko hakuthubutu kuyafikia.

Nyuma yake mlango wa kijani ukafunguka. Bénie alitoka na begi lake, na godoro lake limekunjwa limefungwa kamba.

"Unaenda wapi asubuhi hii?"

"Koko, tulipatana." Msichana alitazama chini. "Mwenyewe akifika, nimupishe."

Koko akamtazama yeye, akatazama begi, nguo zake zikiwa zimekunjwa mara mbili mara mbili zinachungulia kwenye zipu isiyofunga vizuri.

"Alifika zamani, mbele yako, mutoto yangu," akasema. "Mbele ya wote. Rudisha hiyo godoro, itashika vumbi."

Bénie akalirudisha. Aliporudi nje Koko alikuwa bado pale pale na ufagio.

"Wewe iko na mikono mirefu," Koko alimwambia. "Fagia huku kwa miguu, usikanyage. Mimi nitafanya kwa kichwa."

Msichana akachukua ufagio, akapiga magoti pembeni ya matofali, akaanza kuyavuta majani moja moja. Koko alizunguka upande wa pili. Chumba cha kwanza redio ya Djo ikaanza, kwa sauti ya chini, kwa adabu.

"Mwambie aongeze," Koko alisema.